Saa ya mtoto mchanga: kanuni ya kunyonyesha kwa saa ilitoka wapi, na akina mama wa Kivu walionyesha nini

Kuna swali moja linalorudi kila mara kutoka kwa familia zenye mtoto mchanga, hasa zile zilizohama makwao na kulala katika shule, kanisa, hema au nyumba ya jamaa. Mtoto anyonye mara ngapi kwa siku? Alale saa ngapi? Na je, ni kweli kwamba mama anayempa ziwa kila anapolia anamharibu?

Majibu ni mengi na yanapingana. Bibi anasema mpe kila anapotaka. Jirani anasema kila saa tatu, tena usiku asinyonye, ili azoee. Mwingine anaongeza kwamba mtoto anayelia mara kwa mara ana njaa, maziwa ya mama yake yamekwisha kwa sababu ya vita, atafutiwe biberoni. Mama, ambaye amejifungua juzi na hajalala, anabaki katikati ya maneno yote hayo.

Leo hatutaanza na mashauri. Tutaanza na historia, kwa sababu hiyo kanuni ya saa ina mahali ilikozaliwa na njia iliyopitia mpaka kufika kwetu. Haikutoka kwa mtoto, wala haikutoka kwenye ziwa la mama. Ilitoka katika nyumba za watoto waliotupwa na katika miji ya viwanda ya Ulaya, ikaletwa Kongo pamoja na kampuni za madini na mizani ya kupimia watoto. Na hapa hapa Kivu, akina mama wa vijijini walisaidia kuonyesha kasoro yake.

Barua ya munganga wa London

Mwaka wa 1741 mji wa London ulifungua nyumba kubwa ya kupokea watoto walioachwa na wazazi wao, jina lake Foundling Hospital. Watoto waliletwa wengi, na wengi wao walikufa. Mwaka wa 1748 munganga mmoja, William Cadogan, alimwandikia mmoja wa wakubwa wa nyumba hiyo barua ndefu juu ya malezi ya watoto wachanga, na ikachapishwa kama kitabu kidogo.

Kitabu hicho kilikuwa na mambo mema. Cadogan alisema mama anyonyeshe mtoto wake mwenyewe. Alipinga desturi ya wakati ule ya kumfunga mtoto vitambaa mwili mzima mpaka ashindwe kutikisa mikono. Lakini alisema pia kwamba mtoto apewe chakula mara 4 tu katika saa 24, kwa nafasi zilizo sawa, na usiku asinyonyeshwe. Aliona ulafi ndio unaowaua watoto. Alisema pia waziwazi kwamba kazi hiyo ilikuwa imeachiwa wanawake muda mrefu kupita kiasi, na kwamba sasa watu wenye elimu waichukue.

Tukumbuke aliyeandikiwa barua hiyo. Hakuwa mama mwenye mtoto mmoja mgongoni. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wa nyumba yenye watoto wengi na walezi wachache. Katika nyumba ya namna hiyo, saa ni msaada, maana bila saa hujui nani amekula na nani bado. Shida ilianza pale kanuni ya nyumba ya watoto waliotupwa ilipogeuzwa kuwa kanuni ya kila mama na kila mtoto.

Chupa, mizani na ng'ombe

Miaka 150 baadaye, miji ya Ulaya ilijaa wanawake waliofanya kazi viwandani. Watoto wao walibaki nyumbani na maziwa ya ng'ombe, yaliyochanganywa na maji, yaliyokaa saa nyingi katika joto, katika chupa zisizosafishika. Kila kiangazi kuhara kuliwaua kwa maelfu.

Huko Ufaransa waganga wawili walijaribu kuzuia vifo hivyo. Mwaka wa 1892 Pierre Budin alianzisha Paris mikutano ya kuwapima watoto wachanga: mama anarudi na mtoto kila juma, anawekwa kwenye mizani, uzito unaandikwa. Mwaka wa 1894 Léon Dufour alifungua katika mji wa Fécamp, pwani ya Normandie, kituo cha kugawa maziwa yaliyochemshwa, akakiita Goutte de lait, ni kusema Tone la maziwa. Jina hilo litarudi katika habari hii, kwa sababu lilivuka bahari mpaka Kongo.

Waganga hao hawakuwa maadui wa ziwa la mama. Budin aliwahimiza sana akina mama wanyonyeshe. Lakini dunia yao ilikuwa dunia ya chupa, na chupa inahitaji hesabu. Ni lazima ujue umeweka kiasi gani, umeitengeneza saa ngapi, na iliyobaki imwagwe lini. Maziwa ya ng'ombe hukaa tumboni mwa mtoto mchanga muda mrefu kuliko maziwa ya mama, kwa hiyo nafasi ya saa 3 au 4 ilikuwa na maana. Basi waganga wa wakati ule walichukua hesabu ya chupa wakaiweka juu ya ziwa. Huko Marekani, kitabu cha Emmett Holt juu ya malezi, kilichotoka 1894, kiliingiza ratiba hiyo katika nyumba nyingi.

Aliyeikaza kanuni kuliko wote alitoka mbali zaidi, New Zealand. Truby King alikuwa munganga mkuu wa hopitali ya wagonjwa wa akili karibu na mji wa Dunedin. Hopitali ilikuwa na shamba, na huko alijifunza kulisha ndama kwa vipimo. Mwaka wa 1907 yeye na mke wake walishiriki kuanzisha chama cha afya ya akina mama na watoto, ambacho wauguzi wake walitembea nyumba kwa nyumba. Mtoto anyonye kila saa 4: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, halafu hakuna kitu mpaka alfajiri. Akilia katikati, aachwe alie. Kumbeba sana ni kumdekeza. King naye alisifu maziwa ya mama kwa nguvu zote. Hakuona kwamba saa yake mwenyewe ilikuwa inayakausha. Akina mama wengi waliofuata ratiba waliona maziwa yanapungua mwezi wa pili au wa tatu, wakaambiwa miili yao ni dhaifu, wakapewa chupa.

Kanuni inaingia Kongo

Huku kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, Wabelgiji waliingiwa na hofu nyingine: watu wanapungua. Kazi ya kulazimishwa ya wakati wa mpira, ugonjwa wa usingizi na magonjwa mengine vilikuwa vimemaliza watu katika sehemu nyingi. Nani angechimba shaba? Nani angebeba mizigo na kulima pamba?

Badala ya kutazama kazi ya kulazimishwa peke yake, wengi wao waliwatazama akina mama. Waliona kwamba mama Mkongomani ananyonyesha miaka 2, hata 3. Waliona pia kwamba katika makabila mengi mume na mke hawalali pamoja wakati mtoto bado ananyonya, ili mimba nyingine isimnyang'anye ziwa. Hata Kiswahili cha pwani kina neno kwa madhara yanayosemekana kumpata mtoto wakati wazazi hawakungoja: kubemenda. Kwa wazee wetu, kungoja kulikuwa njia ya kulinda uhai wa aliyezaliwa. Kwa watu wa serikali na wa kampuni, kungoja kulimaanisha watoto wachache, na wafanyakazi wachache kesho.

Mwaka wa 1912 Wabelgiji waliunda jumuiya ya kulinda watoto weusi wa Kongo. Vituo vya Goutte de lait vilifunguliwa katika koloni, vikiongozwa na masista na wake wa Wazungu. Mwaka wa 1930 ukaundwa mfuko wa afya uliopewa jina la malkia Elisabeth, FOREAMI. Mama analeta mtoto, mtoto anapimwa, uzito unaandikwa, mama anapewa sabuni, kitambaa, au maneno makali ikiwa mtoto amekonda. Mwanahistoria wa Marekani Nancy Rose Hunt aliandika habari za vituo hivyo mwaka wa 1988, akaonyesha kwamba ndani ya mapenzi yale kwa watoto kulikuwa na lengo lililosemwa wazi: kufupisha muda wa kunyonyesha ili mimba zikaribiane.

Mahali ambapo jambo hilo lilifanywa kwa nguvu zaidi ni Katanga. Kampuni ya Union Minière ilikuwa inaandika wanaume wasio na wake, kwa mikataba mifupi, kutoka mbali: Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini. Mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili mwendo. Iliwataka wakae miaka, pamoja na wake na watoto, katika makambi ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ya Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na kwingineko. Ni makambi hayo hayo yaliyokuza Kiswahili cha Katanga. Munganga wa kampuni, Léopold Mottoulle, alikuwa mmoja wa wenye mpango. Kujifungua kulifanyiwa katika maternite ya kampuni. Watoto walipimwa kwa siku zilizowekwa. Waliokua kidogo walipewa chakula cha kampuni, ili mama asione lazima ya kunyonyesha mwaka wa pili na wa tatu.

Tuseme haki. Katika makambi hayo vifo vya watoto vilipungua. Kulikuwa na maji safi, dawa, chakula cha kila juma. Lakini tujue pia kilichoshikilia jengo hilo. Mtoto aliyeachishwa mapema katika kambi ya Union Minière alikuwa na uji wa kampuni na munganga wa kampuni nyuma yake. Mtoto aliyeachishwa mapema kijijini hakuwa na kitu hicho. Wauguzi waliofundishwa katika shule za namna ile walitawanyika nchini wakiwa na kanuni mkononi: kwa saa, si kwa kilio, usiku apumzike, aachishwe mapema. Kanuni ilisafiri, lakini uji, maji na dawa havikusafiri nayo.

Ugonjwa wa aliyeondolewa ziwani

Mwaka wa 1933 munganga mwanamke, Cecily Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na uso, ngozi ikichubuka, nywele zikigeuka rangi. Mwaka wa 1935 aliupa jina ambalo akina mama wa pale walilitumia katika lugha ya Kiga: kwashiorkor. Ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anazaliwa naye anaondolewa ziwani. Neno lenyewe lilikuwa limebeba ujuzi wote, nalo lilitoka kwa akina mama.

Kivu ya Kusini hatuhitaji kuelezwa zaidi. Sisi tunauita bwaki. Bukavu iliujua kiasi kwamba mwaka wa 1965, wakati vita na njaa vimejaza mji wahami, watu wa hapa waliunda kamati ya kupigana nao, Comité Anti-Bwaki. Na kule Lwiro, katika Kabare, ambako leo wengi wanapajua kwa jumba kubwa na sokwe waliookolewa, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji baada ya vita vya pili vya dunia kilikuwa moja ya ngome za uchunguzi wa utapiamlo katika Afrika ya kati.

Damu ya akina mama wa Kivu

Katika miaka ya 1970, madaktari kutoka Bruxelles waliokuwa wakifanya kazi Kivu walijiuliza swali jepesi. Kwa nini mama wa kijiji ananyonyesha miaka 2 na maziwa hayakauki, wakati mama wa Ulaya anakaukiwa kwa miezi 3? Chakula si sababu, maana mama wa Ulaya ndiye aliyekula vizuri zaidi.

Delvoye, Robyn na wenzao walichukua damu ya akina mama wanaonyonyesha, wakapima kitu kinachoitwa prolaktini. Hii ni homoni, mjumbe wa ndani ya mwili anayeamrisha ziwa litengeneze maziwa. Waliuliza pia kila mama ananyonyesha mara ngapi kwa siku. Mwaka wa 1977 walitangaza walichoona. Akina mama walionyonyesha zaidi ya mara 6 kwa siku walibaki na prolaktini nyingi kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya kuzaa. Kwa wale walionyonyesha mara chache zaidi, ilishuka mapema.

Ni kusema nini? Ni kusema ziwa si pipa linalojazwa, likamwagwa, likangoja kujaa tena. Kunyonya ndiko kunakoagiza maziwa. Kila mara mtoto anaposhika ziwa, anatuma agizo la chakula cha baadaye. Usiku agizo hilo lina nguvu kuliko mchana, kwa sababu prolaktini hupanda zaidi usiku. Basi yule aliyekata vipindi vya usiku na kuacha vipindi 5 vya mchana alikuwa anakata maagizo, halafu anashangaa bidhaa hazifiki.

Prolaktini hiyo ikiwa juu, huchelewesha pia siku za mwezi kurudi. Akina mama wa Kivu walikuwa wanapata nafasi kati ya mimba na mimba kwa kunyonyesha mara nyingi, mchana na usiku. Mwaka wa 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana juu ya jambo hilo kwa ulimwengu mzima: mama anayenyonyesha tu bila kumpa mtoto kitu kingine, ambaye siku zake hazijarudi, na ambaye mtoto hajafikisha miezi 6, anakingwa na mimba kwa kiasi cha 98 kwa 100. Moja ya masharti hayo likivunjika, kinga nayo inapungua, na hapo ni kwenda kituo cha afya kutafuta njia nyingine.

Kwa hiyo desturi iliyotazamwa katika makambi ya shaba kama uzembe wa mama mweusi ilikuwa ufundi wenye sababu zake mwilini.

Saa inaondolewa ukutani

Huko Ulaya na Marekani pia kanuni ilikuwa imeanza kutikisika. Mwaka wa 1942 mama mmoja wa Marekani, Frances Simsarian, pamoja na munganga Preston McLendon, waliandika kila saa mtoto wake aliponyonya kwa majuma 12, bila kumpangia lolote. Mtoto alijitengenezea mwendo wake mwenyewe. Mwaka wa 1946 kitabu cha Benjamin Spock kiliwaambia wazazi wajiamini. Mwaka wa 1952, katika hopitali moja ya Sheffield, Uingereza, Ronald Illingworth na mwenzake walilinganisha akina mama wa ratiba na akina mama walioachiwa kunyonyesha mtoto anapotaka. Baada ya mwezi mmoja, walioachiwa uhuru ndio waliokuwa bado wananyonyesha kwa wingi zaidi.

Mwaka wa 1989 shirika la afya ulimwenguni, OMS, na UNICEF walitangaza hatua 10 kwa kila maternite. Mojawapo inasema mama na mtoto wakae pamoja saa 24. Nyingine inasema mtoto anyonye kila anapotaka. Mwaka wa 1991 hatua hizo zikawa msingi wa mpango wa hopitali rafiki za watoto. Karibu miaka 250 baada ya barua ya Cadogan, kanuni ikarudi pale bibi alipokuwa.

Hii inamaanisha nini kwa mama aliyehama

Tumeeleza habari hii yote kwa sababu mama aliyekimbia ameacha mengi: nyumba, shamba, godoro, saa ya ukutani. Akiamini kwamba mtoto mchanga anahitaji ratiba, chumba kimya na chupa, ataona amepoteza kila kitu. Lakini historia inaonyesha kwamba kitu mtoto anachohitaji zaidi amekuja nacho.

Woga, je, unakausha maziwa? Hapa kuna wajumbe wawili wa kutofautisha. Mjumbe anayetengeneza maziwa ni prolaktini, na anafuata kunyonya. Mjumbe anayeyasukuma yatoke anaitwa oksitosini, na huyo ndiye anayeshtuka kwa hofu, maumivu na kelele. Mama aliyesikia risasi anaweza kuona maziwa hayatoki kwa muda. Hayajakwisha. Yamechelewa kutoka. Akae, afunikwe kikwembe, mtu amtulize, amweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, amwache anyonye tena na tena. Kumpa biberoni saa hiyo ni kumnyang'anya mtoto nafasi ya kutuma agizo, na hapo ndipo maziwa yanapoanza kupungua kweli.

Na biberoni katika kambi ni hatari ya peke yake. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha Botswana, nchi yenye amani na hopitali nzuri, maji yakachafuka. Watoto waliokuwa wakilishwa maziwa ya unga ndio waliojaza hopitali kwa kuhara, na wengi walikufa. Ikiwa ni hivyo Botswana, itakuwaje mahali ambapo bidoni moja ya maji inapigwa foleni tangu alfajiri? Mtoto asiyeweza kabisa kupata ziwa la mama, kwa mfano yatima, aletwe kwa wahudumu wa lishe, wao wana njia ya kumlisha kwa kikombe safi na kumfuatilia. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye azungumze na muuguzi, aendelee na dawa zake, asiache ziwa kwa maneno ya jirani.

Kwa mtoto mchanga mwenye afya, mwendo wa kawaida ni kunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku, tena bila mpangilio ulio sawa. Jioni anaweza kunyonya mara tatu ndani ya saa mbili, halafu akalala. Usingoje kilio. Kabla ya kulia hugeuza kichwa akitafuta, hufungua mdomo, huleta mkono kinywani. Kilio ni alama ya mwisho. Utajuaje kama anashiba? Baada ya siku 5 za kwanza, akikojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na uzito wake umerudi kama ule wa kuzaliwa kabla au karibu na juma la pili, maziwa yanatosha. Maji, chai na uji vingoje miezi 6.

Usingizi nao una historia yake ndani ya mwili. Mtoto mchanga hulala karibu saa 16 kwa siku, lakini kwa vipande vidogo, kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama hupita upesi. Hajui bado usiku na mchana. Ujuzi huo huanza kujengeka kwenye mwezi wa pili na wa tatu. Unaweza kumsaidia: mchana akae penye mwanga na sauti za watu, usiku giza na maneno machache. Alazwe chali, uso usifunikwe, na mtu aliyekunywa pombe asilale kando yake. Huo ndio mpango wote wa usingizi anaohitaji kwa sasa.

Mahali ambapo saa inahitajika kweli

Kuna mtoto mmoja ambaye kanuni ya kumngoja atake haimtoshi: aliyezaliwa kabla ya wakati, au mdogo sana, au anayelala mno bila kuamka. Huyo hana nguvu za kuomba. Akiachwa alale, atazidi kudhoofika, na akidhoofika atazidi kulala. Huyo aamshwe na kunyonyeshwa angalau kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Mvue, mfute uso, mguse nyayo, kamulia tone mdomoni. Na abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama waganga wa Bogotá, Kolombia, walivyoanza kufanya mwishoni mwa miaka ya 1970 walipokosa mashine za kutosha za kuwatia joto watoto njiti. Kama hakuna saa, tumieni simu, kengele ya kanisa, adhana, au zamu ya watu wa nyumbani.

Lakini mtoto anayekataa kunyonya kabisa, mwenye mwili wa moto au wa baridi, anayepumua mbio, anayetetemeka kwa degedege, au mwenye rangi ya manjano kwenye viganja na nyayo, huyo si wa kungojewa mpaka asubuhi. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Neno kwa wengine wa nyumba

Katika habari hii yote kuna jambo ambalo waganga wa ratiba waliliona vizuri, hata kama jibu lao halikufaa: mama anachoka. Kunyonyesha mara 10 kwa siku ni kazi. Wazee wetu waliweza kumwachia mtoto ziwa kwa miaka 2 kwa sababu mama hakuwa peke yake. Kulikuwa na mama mkwe, shangazi, mabinti wakubwa, na mashamba yaliyolimwa na wengi. Vita imewatawanya watu hao.

Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mama mwenye mtoto mchanga asianze na shauri la saa ngapi anyonyeshe. Baba achukue bidoni aende kwenye maji. Shangazi apike bugali na sombe, na kama sambaza zimepatikana, sehemu ya mama iwe ya kwanza. Jirani wa hema amshike mtoto aliyeshiba kwa saa moja, mama alale. Viongozi wa kambi watafute kona moja yenye pazia ambapo mama anaweza kuketi na kunyonyesha bila kusukumwa kwenye foleni. Mtoto ataagiza maziwa yake mwenyewe, mchana na usiku, ikiwa tutampa mama yake nafasi ya kukaa.